Kivuli Juu ya Sakafu

Mume wa dada yangu alipofariki, dada alikaa eda nyumbani kwetu, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake na mumewe ndiye aliyehamia kwetu. Miezi minne na siku kumi asionekane na mwanamume asiye maharimu wake. Hilo hakulilalamikia. Alilolalamikia ni pumzi. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na vyumba vya ndani vya nyumba zetu za Lamu, vyenye kuta nene na visivyo na dirisha, si mahali pa mtu wa pumu wakati wa joto la kaskazi. Tukimpandisha juu sakafuni, kwenye paa letu bapa lisilofunikwa, alipumua vizuri, lakini jua likishapanda lilimrudisha chini kule kule. Daktari aliniambia neno moja tu: hewa. Nikaamua kujenga kivuli juu ya sakafu.

Mimi ndiye mkubwa. Wazazi wetu walipotutoka niliacha shule nikaenda kubeba mizigo gatini, na wadogo zangu wakasoma. Sijuti, ila waliosoma wana tabia ya kunishauri. Mdogo wangu aliyekuwa mwalimu huko bara aliniletea mchoro uliopigwa kwa rula. Kitu hicho alikiona katika bustani ya Mzungu: nguzo nne, juu yake mbao zilizoachana kama mbavu, na maua ya kutambaa. "Kinapendeza sana," aliandika. Niliitazama karatasi ile mpaka nikachoka. Kivuli chenye nafasi za kupitisha jua! Na maua yenyewe yangetambaa lini? Eda ingekwisha hayajafika hata magotini.

Nikamwita fundi, mzee aliyemjua baba yangu. Alipanda siku dada alipokuwa amelala ndani, akaigonga sakafu kwa kisigino, akatikisa kichwa.

"Hapa hatuchimbi nguzo. Ukiitoboa sakafu, mvua italala nawe kitandani."

"Zitasimama vipi, basi?"

"Kwenye madebe. Mawe na chokaa. Debe moja kila nguzo."

Nikaongeza madebe na chokaa katika hesabu niliyokuwa nikiiandika kwa mkaa ukutani. Boriti nilihitaji tisa. Muuzaji aliyezivusha kutoka Mokowe akaniambia boriti huuzwa kwa korja, yaani ishirini, na korja haivunjwi.

"Na hizo kumi na moja nizifanye nini?"

"Jenga kivuli kikubwa," akanijibu, kana kwamba mimi ndiye mjinga.

Shangazi yangu, aliyekuwa akikaa nasi, aliposikia zimebaki boriti, akataka kivuli kiwe kipana, wanawake wanaokuja kumpa dada pole wapate pa kukaa. Kipana kikataka makuti zaidi. Kisha jirani akaja akaketi dakani, pale kwenye baraza ya mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba nguzo zisipite kimo cha ukuta wetu wa juu, maana mtu akisimama kuzifunga atawaona watu wake uani. Alikuwa na haki. Nikazikata boriti nilizozilipia kwa urefu wake, na vipande vikawa kuni. Hesabu ya ukutani niliifuta kwa kiganja mara nyingi hata ukuta ukawa mweusi, na shangazi akanigombeza kwa hilo pia.

Mwisho kila kitu kilikuwa tayari: boriti, makuti, kamba, hata maji ya kukorogea chokaa. Mafundi watatu wakaja asubuhi. Ndipo nilipoliona ambalo sikulifikiri. Kwenda juu kuna ngazi moja tu, nayo hupita mbele ya chumba cha dada. Mafundi ni wanaume. Walipopanda, dada alifungiwa chumba cha ndani kabisa na mlango ukafungwa. Waliposhuka kunywa maji, akafungiwa. Walipobishana kama dhiraa ipimwe kwa mkono wa mzee au wa kijana wake mrefu, wakawa wapanda na kushuka kunitaka niamue, na dada amefungiwa. Hewa niliyomtafutia nilikuwa nimeiziba kwa mkono wangu.

Kabla ya adhuhuri nilisikia kifua chake kikipiga filimbi nyuma ya mlango. Nikaingia. Ameketi, ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

"Kaka," akasema, neno moja moja, "kivuli hiki... ni cha nani?"

Nikapanda nikawaomba mafundi washuke watoke.

"Wanifukuza?" mzee akauliza pale ukumbini.

"Sikufukuzi, Bwana. Nakuomba utoke."

"Nguzo zimesimama. Na kule yuu nani atafunga, paka?"

Shangazi akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Makuti huyashona nani katika nti hii? Si sisi? Yeo kuyafunga kutatushinda?"

"Kushona ni kwa kukaa, Bibi. Kufunga ni kwa kusimama."

"Basi kaa wewe dakani utwambie. Sisi tutasimama."

Kesho yake ikawa hivyo. Juu tulikuwa mimi na shangazi, na dada akitukabidhi kamba. Chini dakani alikuwa fundi, hatuoni wala hatumwoni, akipiga kelele mtaa mzima usikie.

"Kamba ipite mara mbili! Kisha kaza kwa goti!"

"Goti la nani?" shangazi akamjibu. "Langu lina baridi!"

"La huyo mwanamume hapo!"

"Lake ni la kubebea magunia, halijui kamba!"

Nilikaza kwa goti, kwa meno na kwa hasira. Makuti yalipofunika upande mmoja, dada alitandika mkeka chini yake, akalala. Shangazi akaweka kidole mdomoni pake. Tukasimama kusikiliza. Kifua kilikuwa kimya, pumzi inakwenda na kurudi.

"Mumefika wapi?" fundi akaita. "Mbona mumenyamaza? Nyie!"

Nikashuka mbio kumnyamazisha.

"Kimenyooka?" akaniuliza.

"Kimepinda, Bwana. Lakini amelala chini yake. Tafadhali usipige kelele."

Akashusha sauti, akanisogelea sikioni.

"Kimepinda upande gani?"