Kidonge cha Jioni

Mimi ni mnunuzi wa tangawizi. Nanunua kwa wakulima wa Mamba, kule mlimani, nashusha Same mjini, na riziki yangu yote inatokana na kukataa bei ya kwanza. Mtu akinitajia kiasi, sikio langu linasikia kile atakachokubali tukishazungumza. Magunia nayahesabu wakati wa kupakia na tena wakati wa kushusha, hata kama nimekaa juu yake njia nzima. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani yaliyompata dada yangu yalitokana na ujinga. Mjinga asingeweza. Yalihitaji hesabu.

Dada amenizidi miaka sita. Ni fundi cherehani, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu, na tangu akiwa na miaka thelathini na kitu anaugua ugonjwa wa akili. Nyumbani hatukuwa na neno la heshima la kuuita ugonjwa huo, ila dalili yake tuliijua. Akiwa mzima anaongea Chasu kama sisi wote. Akianza kuumwa anahamia kwenye Kiswahili, tena kile cha mwalimu mkuu siku ya ukaguzi. Siku atakayomwamkia mama kwa Kiswahili, mama anaacha chungu motoni na kwenda kutafuta mtu wa kumpeleka mjini. Mtu huyo ni mimi, kwa kuwa ndimi mwenye safari.

Kliniki tuliyokuwa tunakwenda ilikuwa na Jumatano moja tu kwa mwezi. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, kimepakana na choo ambacho mlango wake ulining'inia kwa bawaba moja. Benchi lilikuwa la watu sita. Jumatano ya kwanza tulikuwa watu ishirini na watatu. Nilirudia kuhesabu kwa sababu sikuamini. Harufu ilitupokea kabla ya muuguzi. Wagonjwa wa macho, ambao njia yao ilipita hapo, walipita wamejibana kwenye ukuta wa pili, kana kwamba ugonjwa wetu unaruka kama viroboto.

"Huyu ni wa wale?" mlinzi aliniuliza, akimwonyesha dada kwa kidevu.

"Wale gani?"

"Wa Jumatano."

"Huyu ni mkubwa kwako, na hujamwamkia."

"Shikamoo," akasema, akinitazama mimi.

Ndani kulikuwa na tabibu mmoja, mtu wa makamo, peke yake kwa foleni ile yote. Tulimwita dokta kwa heshima ya koti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa umeshapata utaratibu.

"Anakula?" aliniuliza.

"Anakula."

"Analala?"

"Analala."

"Dawa anakunywa?"

"Anakunywa."

Akaandika kwenye kadi, akatupa. Dada alikaa kati yetu, mkoba mapajani, macho yakienda kwenye mdomo wa dokta na kurudi kwenye wangu, kama mbuzi anayesikiliza akinadiwa. Mimi tangawizi siinunui bila kuvunja kipande, kunusa na kutazama nyuzi. Gunia moja nalikagua kwa muda mrefu kuliko dada alivyokaguliwa mwaka mzima. Nililiona hilo, likanichefua, nikanyamaza, kwa kuwa foleni ilikuwa fupi tukinyamaza.

Pamoja na yote, dawa ilimfaa. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni, sitini kwa siku thelathini. Kwenye dirisha la dawa nilivihesabu mbele ya mtoaji, nikarudia. Mara moja vilikuwa hamsini na nane, nikadai viwili mpaka vikapatikana, na watu nyuma yangu wakaguna. Dada akarudi kwenye cherehani na kwenye kwaya. Ukimkuta anapima mtu mabega, kalamu mdomoni, usingejua kitu.

Kisha ikaja Jumatano niliyopewa vidonge thelathini tu.

"Leo ni hizi," mtoaji dawa alisema. "Zimeisha."

"Na thelathini nyingine?"

"Mwezi ujao."

"Mwezi huu atumie nini?"

"Kaka, nyuma yako kuna watu."

Nilizunguka maduka ya dawa ya mjini. La kwanza hawakuwa nayo. La pili hawakuijua, wakanipendekezea dawa ya minyoo. La tatu muuzaji alisoma kadi, akanitazama kuanzia viatuni, akauliza kama mgonjwa ni mimi. Nikapanda mlima na thelathini zangu, na njiani nikazigawa kwa siku. Hesabu ilitoka bila baki: kimoja kwa siku.

Dada alipokosa cha jioni aliuliza.

"Dokta kapunguza," nikamwambia.

"Dokta yupi?"

"Yule yule."

Akainywa chai yake.

Mwezi ukaisha na dada hakubadilika. Hapo ndipo akili yangu ya sokoni iliponiingiza shimoni. Nilijiambia kwamba dokta naye ni mtu, anataja viwili akijua atapunguziwa, na kwamba bei halali ya ugonjwa wa dada ni kimoja. Dawa ziliporudi, nikapewa sitini, nikampa thelathini, nyingine nikazitia kwenye kopo la majani ya chai ghalani kwangu. Nilisema ni akiba ya siku watakayotuambia tena zimeisha. Nikafanya hivyo miezi mitatu. Kopo likafika tisini, na kila nikilitikisa nilijiona mtu mwenye akili kuliko serikali.

Na kila Jumatano niliulizwa kama anakunywa dawa, nikajibu anakunywa. Sikudanganya hata neno. Nadhani hiyo ndiyo sehemu inayonitia kinyaa zaidi, jinsi nilivyochagua maneno.

Mwezi wa tatu nguo zilianza kutoka na mikono isiyolingana. Mteja mmoja alirudisha gauni, dada akamrudishia kitambaa na uzi, kila kimoja peke yake, akiwa amefumua mshono wote. Kwaya akaacha. Halafu asubuhi moja akatoka chumbani amevaa viatu vya kanisani, akamwambia mama, "Shikamoo, mama yangu mpendwa, umeamkaje?" Mama akaacha chungu.

Baba mdogo alikuja kabla ya chai. Huyu ndiye msemaji wa ukoo tangu baba afariki.

"Kamba ipo," alisema.

"Ya nini?"

"Ya kumshika mpaka gari ije. Au apelekwe Dodoma moja kwa moja, kwenye ile hospitali yao ya wagonjwa wa akili. Wakae naye huko huko."

"Mpaka lini?"

"Sasa hilo mimi nitajuaje? Yule wa ng'ambo ya bonde alipelekwa, na familia ilipumzika."

Ilipumzika kweli. Yule mama aliandikiwa kuwa amepona, akasubiri ndugu wa kumchukua, na mpaka leo anasubiri. Tulilijua hilo sote pale uani. Kamba nikaikataa.

Kesho yake nilikuwa na mzigo wa kushusha Same, na siku iliyofuata ilikuwa Jumatano ya kliniki, nikaunganisha safari. Mwenye bodaboda wa kututoa kijijini mpaka kwenye lori alitaka nyongeza kwa ajili ya kubeba kichaa. Ndivyo alivyosema, dada akiwa amesimama hapo hapo na mkoba wake. Nikabishana naye mpaka akaiondoa nyongeza yote, na kwa dakika kadhaa nilijisikia nimeshinda jambo.

Sokoni nilimkalisha dada kwenye kivuli cha ghala nikaanza kushusha. Magunia arobaini na moja. Nikahesabu, yakatimia. Nikayarudia. Nilipofika ishirini na kitu niligeuka, kivuli kilikuwa kitupu.

Wapiga debe wa stendi walimkumbuka. "Mama mwenye kitenge cha kijani? Amepanda la Dar," mmoja alisema. "Anaongea Kiswahili kizuri huyo." Bila nauli asingefika mbali, na hakufika. Kondakta alimshusha Makanya, jua la saa saba, kwa kuwa hana nauli na anasemasema. Alimshushia barabarani tu, wala si kituoni.

Nilifuata njia ya Dar kwa bodaboda nikiulizia, nikamkuta kwenye kivuli cha lori la mawe ya jasi, mweupe kwa vumbi mpaka kope, ameshika chupa ya maji. Pembeni yake alikaa mpakiaji mmoja, mtu mzima, koleo magotini. Alikuwa ametoka kwao Kahama kufuata kazi.

"Ni wako huyu?" aliniuliza.

"Ni dada yangu."

"Basi si mlevi. Nilijua. Mimi mdogo wangu yuko hivi hivi nyumbani." Akafuta koleo kwa kiganja. "Nilimuuliza anaumwa nini, akaniambia vizuri tu. Anasema dawa yake ya jioni ilikatwa."

Nikaanza kumkung'uta dada vumbi mabegani.

"Ni kweli?"

"Dawa alikuwa anapewa," nikasema.

"Sikukuuliza kama alikuwa anapewa, kaka."

Dada alikuwa anatazama reli. Mtu yule alikuwa amekutana naye labda saa moja tu, hana koti wala kadi, na alikuwa amejua kilichotushinda kliniki na mimi kwa miezi minne. Alimuuliza dada mwenyewe. Nilijaribu kumpa kitu cha asante, akakataa, akarudi kupakia.

Tulilala Same kwa ndugu, asubuhi tukawa kwenye benchi. Mlango wa choo ulikuwa sasa hauna hata ile bawaba moja, ulikuwa umeegeshwa. Zamu yetu ilipofika, dokta alimsikiliza dada akisalimia kwa sentensi tatu zilizonyooka, akanigeukia.

"Dawa anakunywa?"

"Anakunywa," nikasema. Lilitoka lenyewe.

"Basi dawa imeshindwa." Akavuta fomu nyingine. "Nitamwandikia rufaa, Dodoma. Watamlaza, wataanza na nyingine, kali zaidi. Ndugu mnakubali?"

Nikafikiria baba mdogo angejibu nini, na angejibu haraka kiasi gani. Kalamu ilikuwa imeshaandika umri. Ningenyamaza, dada angeondoka kwa wiki ile, karatasi ingesema dawa ndiyo iliyoshindwa, na hakuna mtu duniani ambaye angelijua kopo langu isipokuwa mpakiaji wa jasi Makanya.

"Dokta, hakunywa zote," nikasema. "Nilimpa kimoja. Cha jioni nilikuwa naweka."

"Unaweka wapi?"

"Kwenye kopo. Viko tisini."

Akaweka kalamu chini. Nilitegemea atafoka, hakufoka.

"Wewe si wa kwanza mwezi huu," alisema. "Nani alikwambia ugawe?"

"Mlinipa thelathini."

"Ghala lilikuwa tupu. Sikukwambia ugawe."

"Hukuniambia nisigawe."

Tukatazamana, watu wawili wazima, kila mmoja ana haki yake mkononi na hakuna inayomfaa mgonjwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kumpeleka, akageuza kiti.

"Mama, ni kweli anayosema?"

"Ni kweli," dada akajibu. "Nilipatiwa kimoja asubuhi. Cha jioni sikupatiwa tangu mwezi ule wa mvua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unamuuliza yeye."

Nje mtu alihangaika na mlango wa choo, ukaanguka, akaacha. Dokta akachora mstari juu ya fomu ya Dodoma, kisha mwingine.

"Tunarudi kwenye viwili," alisema. "Hatujui kama imeshindwa mpaka ainywe."

"Nizishike mwenyewe," dada alisema.

"Utaratibu ni kwamba ndugu ndiye anayeshika."

"Ndugu ameshika."

Dokta akakohoa. "Nikupe za wiki mbili, nyingine utazifuata dirishani, tuone."

"Nne. Nitapandaje na kushuka mlima kila wiki mbili?"

"Tatu."

Nilifungua mdomo kusaidia, kwa kuwa kazi hiyo ni yangu. Dada akainua kiganja bila kunitazama.

"Tatu," alimwambia dokta, "na za jioni ziwemo."

Hakwenda Dodoma. Baba mdogo alikuja kuuliza kwa nini, nikamweleza, akanitazama kama mtu aliyerudishiwa mzigo aliokwisha kuusahau. Zile tisini nilizipeleka kliniki mzunguko uliofuata, wakazikataa. Hakuna fomu ya dawa inayorudi. Siku hiyo hiyo mtu aliyekuwa mbele yetu dirishani alipewa nusu ya zake. Nilimsikia anaambiwa mwezi ujao. Nilimfuata nje nimwambie asigawe, akaniuliza sasa afanyeje. Nilikuwa na kopo la dawa za mtu mwingine mfukoni, na nilichefukwa na kopo, na dirisha, na yule aliyeweka dirisha lile mahali pale bila kitu cha kutoa.

Ilimchukua dada karibu wiki saba kurudi kwenye Chasu. Mikono ya magauni sasa inalingana. Kwaya bado hajarudi, na hakuna aliyekuja kumwita. Kliniki anashuka mwenyewe. Akikuta pungufu haondoki dirishani. Anakaa kwenye benchi mpaka dokta atoke amwambie la kufanya, na safari moja alikaa mpaka wafagiaji wakamfikia miguuni. Akirudi hanionyeshi alichopewa.

Jioni tunakula pamoja jikoni kwa mama. Tukimaliza anafungua droo ya cherehani yake pale pembeni kwa ufunguo anaouvaa shingoni, anamimina maji, ananipa mgongo, anameza.