Mashua Iliyojengwa Migombani

Mume wangu alikuwa fundi wa dari hapa Marani, milimani mbali na ziwa. Miezi yake ya mwisho, akiwa tayari mgonjwa, alimtengenezea dada yake mashua ndogo nyuma ya nyumba yetu, katikati ya migomba. Wifi yangu ameolewa ziwani, na samaki wake walikuwa wakiharibika juani kabla ya kufika sokoni. Alitaka mashua ambayo tumbo lake litashika barafu. Majirani walipita wakiuliza gharika inakuja lini.

Ili barafu isiyeyuke haraka, mimi nilipendekeza tujaze majani makavu ya migomba, maana ndiyo tunayofunikia ndizi zipate joto ziive. Hakunicheka. Alijaza majani kwenye debe moja, na kwenye lingine akaweka ile foamu nyeupe ngumu inayokuja ndani ya katoni za televisheni, akatia barafu kote kuwili. Majani yalijitahidi sana, ila barafu ilipoanza kuyeyuka yalikunywa maji na kunuka. Tukachukua foamu.

Aliikata kufuata mbavu za mashua, akaibandika kwa gundi, akaziba kila ufa mpaka chini kabisa, halafu akafunika kwa mbao nyembamba. Ilipendeza kama dari ya kanisa. Wifi alikuja, akaisifu, akaizunguka, kisha akauliza, "Kaka, mashua huingia maji hata ikiwa mpya. Hayo maji yatapita wapi?"

Fundi wa dari huziba kila kitu. Ndiyo sifa yake. Mume wangu aliketi kwenye benchi. Wifi alipoondoka nilimsihi aiache hivyo. Nguvu zilikuwa zimemwishia, na nani angejua?

"Yeye ndiye atakayekuwa ndani, mama watoto," akasema. "Ubao utaoza mahali asipoona."

Asubuhi alianza kubandua. Vipande vilivyotoka vizima alivirudisha, vilivyovunjika akakata vingine, na safari hii akaacha mfereji chini kutoka mbele hadi nyuma. Alipumzika baada ya kila kipande, mimi nikimshikia gundi. Alimaliza. Hakuiona majini.

Baada ya mazishi lori liliibeba hadi ziwani. Kabla ya kuisukuma, wifi alimwaga ndoo ya maji upande wa mbele, kisha akaenda kusimama ndani upande wa nyuma. Yalipita chini ya mbao, yakatokea nyuma, karibu na miguu yake. Akayachota kwa kopo, akamwaga nje, akachota tena mpaka yakaisha.

"Ameniachia njia," akasema, bila kunitazama.

Tukaisukuma.