Platine ya Papa Kabeya

Ukitaka kucheka, cheka sasa, umalize. Mimi sina nguvu ya kubishana na mtu. Jambo hili lilinikuta mwenyewe, mchana, katika gereji yangu hapa Kasuku, Kindu, na pombe sinywi.

Furaha, binti wa marehemu Papa Kabeya wa reli, aliniletea ile Peugeot 404 ya baba yake. Alikuwa amechoshwa na platine. Kama huijui, platine ni kichuma kidogo ndani ya delco, ile kopo inayogawa umeme wa injini, kinachofunguka na kujifunga ili buji, yaani plagi, zitoe moto. Huungua, huchakaa, kila mara unaisugua kwa msasa. Furaha alikuwa ameagiza kifaa cha kielektroniki, chenye sumaku na nyaya mbili, kisichogusana na kitu.

"Papa fundi, toa hii mambo ya zamani," aliniambia. "Nataka nikiwasha, iwake mara moja."

Akaenda zake sokoni. Nilikuwa nimemwitikia, lakini mikono ilikuwa mizito. Ngoja nikueleze sababu.

Wakati wa vita, askari walikuwa wakichukua kila gari lililowaka. Basi sisi tukawa tunatoa platine, gari linabaki sanduku tu. Lakini mwenye gari hakukaa nayo nyumbani. Alimwachia fundi, ili akipigwa aweze kuapa kwa Mungu kwamba hana, na kiapo kiwe cha kweli. Platine ya Papa Kabeya ilikuwa kwangu. Askari nao hawakuwa wajinga: wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta fundi wa kuwawashia magari. Waliyempata walimchukua, na wengine hawakurudi.

Asubuhi moja ya mvua nikasikia mlango wangu unagongwa. "Fundi! Fundi!" Sauti ilikuwa imekauka, sikuitambua. Nikaingia chini ya kitanda, nikaziba mdomo kwa mkono. Wewe ungefungua? Ikaita tena na tena, kisha ikanyamaza.

Alikuwa Papa Kabeya. Mke wake alishikwa na uchungu wa kuzaa, damu inamtoka. Alipokosa platine ya kuwashia gari alimpakia juu ya baiskeli, akaisukuma kwenye matope mpaka hospitali. Mtoto alipona, ndiye huyo Furaha. Mama yake hakuiona jioni. Baadaye Papa Kabeya aliniambia, "Nilikuja kwako, haukukuwa." Nikamjibu kwamba nilikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli. Aliniamini mpaka anakufa. Nililibeba jeneza lake nikiwa na uongo huo kifuani.

Basi. Niliitoa platine, nikaiweka pembeni juu ya kitambaa. Nikafunga sumaku, nikaunganisha nyaya kwenye bobini, ile koili ya umeme. Mvua ikaanza. Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa injini, amevaa koti la reli, mkavu kabisa. Niamini, mvua ilipiga bati hata usijisikie mwenyewe, lakini yeye nilimsikia vizuri.

"Fundi, unipatie platine yangu. Muke wangu iko anaumwa."

Alikuwa Papa Kabeya. Watu huniuliza kwa nini sikukimbia. Nilikuwa nimechoka, ndugu yangu, miaka yote ile ilikuwa imenichosha. Nikaichukua platine nikampa. Akainama juu ya delco kutafuta mahali pa kuifunga, akachungulia huku na huku, mtu mwenye haraka. Mahali hapakuwepo tena, nilikuwa nimepajaza kile kifaa kipya.

"Sasa nitaiweka wapi?" akauliza.

Nikasema nililoshindwa kusema alipokuwa hai: "Papa, siku ile nilikuwa ndani. Nilikusikia."

Hakukasirika, na ni afadhali angekasirika.

"Ningeita jina yako, ungefungua," akasema. "Lakini sikuijua. Sisi wote tulikuita fundi tu."

Nilipopangusa macho hakuwepo, wala platine haikuwepo. Niliitafuta mpaka chini ya matairi.

Mvua ilipokatika Furaha akarudi, akageuza ufunguo, injini ikawaka mara moja. Akapiga makofi. Nikamwomba azime. Nikamweleza yote: mlango, kitanda, uongo wa Alunguli. Makofi yakamwishia mikononi, akaiweka mikono juu ya usukani.

"Siku ile, ungefungua, gari ingewaka?" akauliza.

"Ingewaka, mwanangu."

Akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza tangu utoto wake.

"Jina yako njo nani?"

Nikamtajia. Akalirudia polepole, kama mtu anayejifunza jambo asilotaka kulisahau, akawasha gari, akaondoka.

Hajarudi. Anayerudi ni baba yake. Kila mvua ya mchana namkuta ameinama juu ya injini yoyote niliyoifungua, anatafuta mahali. Nimeomba, nimefunga siku tatu bila kula, nimewalipa watu wa kuomba. Anatafuta tu.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemnyima mlango, nenda ukamwambie leo, angali na mdomo wa kukutukana. Utaumia, ndiyo. Lakini matusi ya aliye hai huwa yana mwisho.