Msafiri Hana Mikono

Iko siku moja, mwanangu, hainitoki. Nikilala mchana inakuja, nikiamka naikuta imekaa pembeni yangu kama paka. Ilikuwa siku ya mvua, kesho yake nilikuwa naondoka nyumbani Butiama kwenda Musoma mjini kutafuta maisha. Nilikuwa kijana wa ndevu tatu na kiburi cha ndevu mia.

Kabla sijafika mbali, ujue kwanza anayesema nawe ni nani. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu. Lakini nenda Musoma, simama mahali pa juu, angalia mabati yanavyomeremeta kushuka mpaka ziwani, halafu uliza nusu ya mabati yale yamepitia mkono wa nani. Nilianza kwa kugonga kokoto juani. Kokoto zikazaa toroli, toroli likazaa lori, lori likazaa duka la vifaa vya ujenzi. Watu wenye digrii wanakujaga pale dukani kuniuliza msingi unachimbwa kina gani. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Wenzangu walikuwa na baba wa kuwasifu, mimi wangu alikufa mapema, kazi hiyo nikaichukua mwenyewe. Tuendelee.

Nyuma ya nyumba yetu upo mwamba mpana, umelala kama ng'ombe aliyeshiba, mgongo wake laini kwa kusuguliwa na miaka. Hapo ndipo akina mama wa nyumba zote za jirani huanika udaga, ile mihogo inayomenywa, ikavundikwa mpaka ikalainika, ikamegwa vipande na kuachiwa jua mpaka iwe mikavu ya kusaga unga. Mwamba uko katika eneo letu, lakini sijasikia mtu akiomba ruhusa. Kila mama alikuwa na sehemu yake, mpaka haukuchorwa, na ugomvi haukuwepo. Jua likipanda, jiwe linapata joto, na ile harufu kali kidogo ya udaga inatembea kutoka nyumba hadi nyumba. Wageni wanashika pua. Mimi nikiisikia hata usingizini najua nimefika.

Basi siku hiyo mama yangu na majirani wote walikuwa wamekwenda msibani kijiji cha pili. Mimi nilibaki, begi langu limefungwa, nimejilaza mwambani katikati ya udaga kama bwana harusi. Nilikuwa naota macho wazi. Naiona Musoma, naziona taa zake zikicheza majini, naona viatu vyangu vyeusi ambavyo sijavinunua. Ziwa lenyewe kutoka kwetu halionekani, ila mchana ukiwa mtulivu mbingu ya upande ule inang'aa kwa namna yake, kama mtu anayetabasamu mgongo akiwa amekupa. Nikawa naangalia huko. Sikuona kwamba nyuma yangu wingu limeshatanda vilimani.

Tone la kwanza lilinipiga shavuni. Nikaruka. Nikakusanya udaga wa mama yangu, wote, hata vipande vidogo vya kudonolewa na kuku sikuviacha, nikauingiza ndani. Nafasi ya kurudi ilikuwepo, mwanangu, sikudanganyi. Mvua ya kwetu hubisha hodi kabla ya kuingia. Lakini nilikaa zangu chini ya upenu, mikono kifuani, nikiangalia udaga wa Nyangeta ukilowa, ukayeyuka, ukashuka majanini mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Nyangeta alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane kijana mwenye watoto wadogo; siku hiyo ni yeye na mama tu walioanika.

Wakarudi wamelowa chapachapa. Mama yangu akaangalia ndani, akaangalia mwambani.

"Wa Nyangeta uko wapi?"

"Uko palepale alipouweka," nikasema. Nilijiona nimejibu vizuri sana.

Mama hakupandisha sauti. Alichukua kikapu chetu, akamwaga nusu katika kikapu cha Nyangeta.

"Mama! Huo ni wetu!"

"Ulikuwa wetu asubuhi. Ulipouanua peke yake ukawa wako. Sasa nakunyang'anya." Akajifuta uso kwa khanga. "Sikiliza, Magesa. Huko mjini utapata, najua, mkono wako haulali. Ila mtu anayeanua chake tu, hata akija kujenga kwao ataishi humo kama mgeni."

Nyangeta yeye akacheka, maji yanamtiririka kichwani. "Mwache, Mama Magesa. Huyu atakuwa tajiri huyu. Macho yake yanaona kitu kimoja tu."

Wewe ungesikia nini hapo? Mimi nilisikia baraka. Nikaibeba mpaka Musoma pamoja na begi. Miaka na miaka, kila nilipopiga hatua, nilikuwaga nawaambia watu kwenye meza za chai: "Mimi mjane mmoja wa Butiama alinitabiria. Alisema macho yangu yanaona kitu kimoja, na kweli, nikikitazama kitu hakinikosi." Watu wanatikisa vichwa, wanasema duh, wazee walikuwa na macho. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wanasema. Mimi mama alinifunza vizuri tu, ni masikio yaliyokuwa yametangulia mjini.

Miaka ikapita kama maji chini ya mtumbwi. Mama tukamzika nyumbani, upande wa juu wa mwamba. Watoto wakakua, kijana wangu mkubwa akashika duka, na mimi, kabla mvi hazijamaliza kichwa, nikasema inatosha, narudi kwetu. Mwacha asili ni mtumwa. Nikajenga nyumba ambayo ukitoka Kiabakari unaiuliza kwa rangi ya bati tu. Nikaweka vigae. Nikaweka makochi meupe ambayo hata Musoma ni wachache wanayo.

Mke wangu, Mama Wegesa, ni mzaliwa wa Kiriba, mtoto wa dagaa na mihogo. Siku ya pili tu alikuwa mwambani na akina mama, magoti chini, anamega udaga na kucheka kama aliyezaliwa pale. Mimi sasa. Wanaume wa kijiji walikuja kunisalimia, wakakaa kwenye ncha ya kochi kama watu wanaosubiri kuchomwa sindano, magoti yamebanwa, wanachunga vumbi la miguu yao. Waliniita bosi. Walikunywa soda, wakaaga. Hawakurudi. Nilikaa barazani na simu yangu, nampigia kijana dukani, saruji imeshuka? misumari ipo? Hivyo mwaka mzima, mpaka naye akachoka: "Baba, pumzika basi."

Mchana wa kijijini ni mrefu, mwanangu. Unaweza kusikia jogoo wa ng'ambo akiwika na yule wa huku akifikiria jibu. Nilikuwa nasinzia, na kila nikisinzia namwona mama yangu ameinama mwambani, anaokota, anaokota, wala hageuki nimwone uso. Naamka, mwamba upo, mama hayupo. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kokoto, siku moja nikautazama mwamba ule nikaona kokoto.

"Mama Wegesa," nikamwambia, "jiwe hili nikileta vijana wa kuligonga, tunapata ukuta wa kuzunguka nyumba nzima."

"Na udaga tuanike wapi? Kwenye kipara chako?"

Nikajipapasa kipara, nikacheka. Lakini moyoni nilikuwa nimeshakata shauri: mahali hapa si pangu tena. Nikampigia mwenye lori Musoma, nikamwambia Jumatatu aje abebe vyombo, tunarudi mjini. Mke wangu sikumwambia. Nilijua jibu lake. Alikuwa amepanda mihogo yake mwenyewe, ameivuna, ameivundika, na asubuhi ya Jumamosi alianika udaga wake wa kwanza, katika sehemu ileile aliyokuwa akianika mama yangu. Nani alimwonyesha pale? Sijui. Alivipanga vile vipande kama anayetandika kitanda cha mtoto.

Siku hiyohiyo tukaenda Bunda kumwona shangazi yake aliyekuwa akiumwa. Wakati wa kurudi, ndani ya pikapu yangu, nikaona hapa ndipo pa kusemea, hana pa kukimbilia. Nikamwambia habari ya lori.

Akakunja ncha ya khanga yake mapajani. Vilima vilikuwa vinapita dirishani, vya buluu, vimelegea kama vinavyoonekana ndotoni. Halafu akasema polepole, "Baba Wegesa, mimi nimeshakufuata mara nyingi. Sasa nilikuwa nimefika."

Hapohapo mvua ikatushukia. Mvua ya mawe. Kioo cha mbele hakionyeshi kitu.

"Udaga wangu," akasema.

"Nitakununulia gunia zima."

"Sitaki gunia."

Akageuza uso dirishani. Nimeuza bidhaa maisha yangu yote, mwanangu, lakini sijawahi kukutana na kitu kilichonishinda bei kama vile vipande vya mihogo.

Tulifika mvua imeshakatika, jua la jioni limetoka tena, na kila kitu kinafuka moshi mwembamba: ardhi, migomba, migongo ya mbuzi. Mwamba ulikuwa umeoshwa unang'aa. Mtupu. Mke wangu alisimama pembeni yake, viatu mkononi. Ndipo nikasikia sauti ya kizee kutoka nyumba ya jirani:

"Nyie mnaangalia nini huko? Ingieni, mtapigwa na baridi!"

Alikuwa Nyangeta. Yuleyule. Sasa bibi wa kutembelea fimbo, mgongo umeinama kidogo, kicheko hakijainama. Tukaingia. Jikoni kwake moto ulikuwa unawaka, na kando ya moto, juu ya mkeka, udaga wa mke wangu umetandazwa, mweupe, mkavu, vipande vyote. Mlangoni kulikuwa na beseni limejaa uji mweupe wenye majani ndani yake. Nikaliangalia beseni, nikamwangalia yeye.

"Mama, hilo beseni ni nini?"

"Wangu huo. Mvua iliniwahi."

"Mbona wetu haukulowa?"

"Nilianza na wenu."

"Kwa nini uanze na wetu, mama? Wewe ni mtu mzima, mwamba unateleza..."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linachomoza mashariki. "Nyie si mlikuwa njiani? Msafiri hana mikono. Anakopeshwa na aliyebaki."

Mwanangu, nilikaa chini. Sikutafuta kiti, nilikaa chini kwenye udongo na suruali yangu ya safari. Nikamuuliza kile ambacho ningetakiwa kuuliza zamani sana: "Mama Nyangeta, siku ile kabla sijaondoka, uliposema macho yangu yanaona kitu kimoja, hukuwa unanibariki?"

"Nikubariki!" Alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. "Watoto wangu wanakwenda kulala na nusu kikapu, halafu nikubariki? Nilikuwa nakusema, Magesa! Nilikusema na mama yako akasikia, na yeye akacheka njia nzima kwenda kisimani!" Akajifuta machozi ya kicheko. "Haya, sasa unaona vingapi?"

Nikaliangalia beseni mlangoni. "Viwili, mama."

"Unakua," akasema.

Mke wangu alikuwa ameshapiga magoti mkekani. Hakuuliza mtu. Alikuwa anagawa udaga wake sehemu mbili, nusu huku, nusu kule, kwa mikono yake. Lakini nakuambia, nilivyomwona ameinama pale mbele ya moto, akaokota, akaokota, kisha akageuka kunitazama, ndipo nilipouona ule uso ambao ndotoni ulikuwa haugeuki.

Jumatatu lori likaja. Siwezi kumrudisha mtu na lori tupu, mimi ni mfanyabiashara. Nikalipakia makochi meupe, yote, yakaenda Musoma kwa kijana wangu. Dereva akauliza, "Bosi, na wewe utakalia nini?" Nikamwonyesha mwamba. Siku hizi wanaume wanakuja jioni, miguu na vumbi lake, tunakaa mwambani tukiwafukuza kuku na mbuzi. Hawaniiti bosi. Wananiita mlinzi wa udaga. Na kwa kazi hiyo, niseme ukweli wa Mungu, kijiji kizima hakuna anayesoma wingu kama mimi. Likichungulia tu huko vilimani, nimeshasimama. Naanza na wa Nyangeta, nafuata wa jirani wa bondeni, wetu mwisho. Ukiniona na kitambi hiki ninavyokimbia, utacheka, na ucheke.

Basi chukua hili, mwanangu, wewe uliyefunga begi na wewe unayefikiria kulifungua. Nenda mjini, katafute, mimi siwezi kukukataza nilichokifanya mwenyewe, tena kwa ushindi. Ila usidhani utakaporudi nyumba ndiyo itakupokea. Nyumba ni tofali na bati, nimeviuza, navijua, havina salamu. Kinachompokea mtu ni mkono wa jirani. Nyumbani ni pale ambapo mvua ikinyesha nawe hupo, kuna mtu anakimbia kwa ajili yako. Ukitaka pawe na mtu wa hivyo, kimbia wewe kwanza, hata kama jana yeye hakukimbia. Na ukiona wingu, anza na cha mwenzako. Chako hakitakosa wa kukianua.

Mungu akupe jua la kutosha kukausha ulichokipanda. Akupe mvua, lakini ikukute ukiwa na watu. Na siku utakayokuwa njiani, mbali, mikono yako imebeba mengine, awepo mtu upande wa kwenu atakayeinua macho, akaliona wingu, akasema: huyu ni wetu, tuanze naye.