Kaka Yangu Zinovi Alivyoukalia Mchezo Wake

Leo tumetimiza arobaini ya kaka yangu mdogo, Zinovi Lukich. Tumemwombea kanisani, tumekula ngano yenye asali ya kumkumbuka marehemu, na watu wamenitaka niandike alivyoishi. Nitaandika, ingawa macho hayajakauka.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kusahihisha gazeti la kiwanda cha matrekta. Kazi iliyomla ilikuwa kuandika michezo ya kuigiza. Sita aliipeleka kwenye jumba la maonyesho la mji wetu, sita ikarudi. Kwa ule wa saba akasema, "Dada, huu nao ukirudi, yote naitia jikoni iwe kuni. Sishiki kalamu tena." Nilimjua. Angeichoma kweli, halafu angezimika yeye.

Asubuhi ya kwenda kuusoma mbele ya waigizaji, mwezi wa Machi, theluji ikiwa uji, aliteleza karibu na duka la mikate. Karatasi zote chini! Sasa, watu wa michezo kwetu wana imani yao: maandishi yakianguka, uyakalie papo hapo, la sivyo mchezo nao utaanguka. Zinovi akakaa.

"Inuka, Zinya! Watu wanatutazama," nikamwambia kwa jina lake la utotoni.

"Niache, dada. Sijakaa vya kutosha."

"Ushirikina huo! Piga ishara ya msalaba twende."

"Piga wewe. Mimi nakaa."

Bibi mmoja kwenye foleni ya mikate akaniuliza, "Mama, huyo anaatamia?"

Nikapiga ishara ya msalaba kwa niaba ya wote wawili.

Kwenye jumba la maonyesho alisoma kasimama, maana suruali ilikuwa chapachapa. Mimi nilikaa mlangoni nikisali. Kurasa zilikuwa zimegandana. Akifunua moja, zinakuja tano. Alipojaribu kuzibandua kwa ukucha, mkurugenzi Nonna Savelyevna akafoka, "Endelea, usitucheleweshe!" Akaendelea. Shangazi aliyekuwa anakata roho ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi na sita akawa bibi harusi. Waigizaji walicheka mpaka mmoja akadondoka kitini.

"Zinovi Lukich," Nonna akasema akifuta machozi, "hatimaye umejua kufupisha! Tunauchukua hivi hivi. Usiongeze hata nukta."

Kaka akafungua mdomo aeleze. Nikamkanyaga mguu, Mungu anisamehe.

Mchezo ulionyeshwa miaka tisa. Kila mara alikaa nami mstari wa nyuma, akininong'oneza maneno yote yaliyorukwa, mpaka watu wanamnyamazisha. Nami nilikuwa namwambia, "Nyamaza, Zinya, nimeshayasikia." Kumbe nilikuwa sijayasikiliza.