Vifungo vya Shemeji Ramazani

Mtu wa miaka kumi na saba akisema "enzi zetu", wakubwa wanacheka. Wacheke. Sisi tuliozaliwa Kisangani kabla ya uhuru, enzi zetu zilikwisha mapema. Watoto wa siku hizi wanalia kutwa kwa sababu ya gololi moja ya kioo iliyopotea. Sisi gololi zetu zilikuwa maganda ya risasi.

Tuliyaokota nyuma ya kambi, pale askari walipojifunza shabaha. Asubuhi yalikuwa baridi, yananuka kama kiberiti kilicholowa. Ukipuliza mdomo wa ganda, linalia: refu lina sauti nene, fupi linalia kama kifaranga. Tulirudi nyumbani tukipiga filimbi barabara nzima, na Mama, anaponda ndizi za lituma, anatupigia kelele: "Munaita nani na ile kitu? Kifo haiitwake, inakuja yenyewe!" Tulicheka tu.

Maganda mazuri alichukua Papa. Alikuwa fundi wa pete na hereni kama baba yake, lakini baada ya uhuru hakuna aliyenunua dhahabu. Wazungu wa biro, wale wa ofisini, waliondoka, makarani wakawa machef, ndio wakubwa wapya, na kila chef alitaka shati la manshete, ile mikono mirefu inayofungwa kwa vifungo vya kung'aa. Maduka ya Makiso, katikati ya mji, hayakuwa navyo tena. Bon, Papa akavitengeneza. Alikata tako la ganda kwa msumeno mwembamba, akalisugua kwa tupa, akalehemu kijiti cha waya nyuma, kisha akaling'arisha kwa majivu na ndimu. Katikati aliacha kile kishimo kinachogongwa na bunduki. Wateja walikipenda, eti ni urembo. "Mutu ya biro hafungake mukono na uzi," Papa alikuwa akisema.

Jozi nzuri kuliko zote alimpa Shemeji Ramazani, karani wa posta, mchumba wa dada yangu mkubwa, Yaya Mwamini. Shemeji aliniita bibi yake wa pili. "Huyu wa kwanza akiunguza pondu, nakuja kukubeba wewe," alisema, nami nakimbilia nyuma ya mlango, uso unawaka kwa haya. Vifungo vile vilikuwa vya harusi.

Harusi haikufika. Waasi waliingia mjini, na waasi hawakupenda watu wa biro. Shemeji alitia nguo zake za kazi katika sanduku la bati, akazifukia jikoni kwao, akavaa kaptula iliyochanika na kuuza mihogo sokoni. Yaya alipita mbele ya mihogo ile bila kumsalimia, mtu asije akauliza huyu ni nani. Akifika nyumbani analia.

Kisha jeshi likarudi. Wanaume wote waliamriwa kwenda kukaguliwa kwenye uwanja wa mpira. Watu walijifunga vitambaa vyeupe kichwani kuonyesha kwamba wao si waasi. Shemeji alikuja kwetu na shati lake lililofukuliwa, lina michirizi ya kutu.

"Kitambaa haitoshe," alisema. "Muasi naye anaweza kufunga kitambaa. Lakini mulishaona muasi mwenye manshete?"

Papa mwenyewe alimfunga vifungo. Mama alimzunguka akimtazama. "Voilà. Sasa unaonekana mutu." Hakuna hata mmoja wetu aliyeona hatari. Nyumbani kwetu ganda la risasi lilikuwa limeacha zamani kuwa ganda la risasi.

Mimi na Yaya tulimsindikiza mpaka mlango wa uwanja. Askari alimshika mkono, akaugeuza, akainama, akaona kile kishimo.

"Ganda iko hapa. Bunduki iko wapi?"

"Chef, ni butoni tu. Baba mukwe alitengeneza."

"Baba mukwe yako anatengenezaka butoni na risasi? Na mama mukwe, anapika bomu?"

Wenzake walicheka sana. Hata Shemeji alijaribu kucheka. Wakamsukuma upande wa wale waliokutwa na alama ya bunduki begani.

Kesho yake asubuhi Papa alikwenda na tupa, msumeno na jiko la makaa. Yaya alifuatana naye, na ndiye aliyetusimulia. Kamanda alisikiliza maelezo yote, akaagiza maganda kutoka kwa askari wake, akasema: "Tengeneza, nione." Papa alichuchumaa kwenye jua kali. Yaya anasema hakuwahi kumwona akifanya kazi kwa uangalifu vile. Tupa ilimkata kidole, hakupangusa damu. Kamanda alivaa jozi mpya, akanyoosha mikono, akaridhika.

"Kweli, mzee. Wewe iko fundi."

"Donc, mutoto yangu?"

"Wale wa jana? Waliondoka alfajiri."

Hakusema wamepelekwa wapi. Mpaka leo hakuna aliyetuambia.

Sasa Papa anaziba masufuria. Wanaume wanakuja kumposa Yaya. Anawapa kiti, anawapa maji, anaingia ndani, hatoki tena.

Zamani zile kijana alifunga shati mpaka kwenye kifundo cha mkono ili aonekane mtu. Leo wavulana wa darasa letu wanakunja mikono ya mashati mpaka juu ya kiwiko, wanatembea kama wapiga makasia. Prof anawafokea kwamba vijana wa sasa hawajui kuvaa. Mimi sizungumzi darasani, lakini siku moja nitasimama nimwambie: waache, prof, waache hivyo hivyo.