Kamera Mbili Kitandani

Wiki ile kitanda changu kilikuwa na kamera mbili na mimi sikuwa na usingizi. Zote mbili hazikuwa zangu. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kubadilisha lensi, aina wanayoanzia watu wanaojifunza kazi. Nyingine ndogo, inaingia kwenye pochi, lakini ukiiwasha mdomo wake unatoka, unatoka, unatoka, mpaka unajiuliza ulikuwa umejificha wapi. Muuzaji wake ni Mkongomani mmoja anayeleta vitu vya umeme kutoka Uvira. Aliniachia zote kwa sababu ananijua, mke wake anashonesha nguo kwangu, na anajua sihami mtaa wetu wa Buyenzi.

"Mama, uzipime pole pole," aliniambia. "Lakini Ijumaa, mbele watu waende kusali, mi narudi kuchukua moja. Iko mutu anaitaka hii ndogo. Anapigaka picha za viboko kule ku ziwa."

Yeye ndiye aliyezilaza kitandani. Zamani alikuwa anakaa Gatumba, maji ya mafuriko yakamtoa na watoto wake, sasa yuko Gasenyi walikohamishiwa, na tangu hapo haweki kitu chini hata ukimbembeleza. Aliangalia sakafu yangu kama mtu anayeangalia mbwa asiyemjua. "Hapa maji haiingiaka?" aliuliza. Nikamwambia haiingii, naye akaziweka juu ya foronya hata hivyo.

Shida yangu ilikuwa hii. Mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea, na binti yake wa mwisho alikuwa anaolewa Jumapili. Mama mdogo alikuwa mgonjwa. Sukari ilikuwa imemla, ikaingia kwenye figo, na daktari alipotuita pembeni akaongea Kifaransa kirefu, sisi wote tukabaki tunaangalia viatu vyetu. Lakini yeye alikuwa ameshasema: kwenye harusi ya huyu mtoto atacheza. "Hata mukiniegemeza ku ukuta, mi nitacheza." Na mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba atakapocheza, nitampiga picha. Ya mama yangu mzazi ninayo moja tu, ya kitambulisho, amekaza uso kama anayeulizwa jambo na polisi. Mwanangu akiniuliza bibi alikuwa anachekaje, sina cha kumwonyesha. Nilisema hilo halitatokea mara ya pili.

Utasema, si kuna simu? Simu kwetu haiingii kwenye sherehe ya wanawake. Mlangoni anakaa mama mmoja mtu mzima na beseni lililofunikwa kitenge, na kila anayeingia anaweka simu yake humo, hata awe bi harusi mwenyewe. Ndani wanawake wamevua mitandio, wamefungua nywele, wanacheza wanavyotaka, na picha moja ikitoka nje hapo kuna mtu hatalala nyumbani kwake. Kwa hiyo kamera inaruhusiwa moja tu, ya mwanamke anayeaminiwa, kwa masharti: kabla hajatoka anakaa chini, anawaonyesha wote, na yeyote akisema "futa", inafutwa palepale bila maneno. Karte, kile kikadi kinachotunza picha, inabaki na mama wa bi harusi. Safari hii mwanamke wa kuaminiwa nilikuwa mimi, na kamera sikuwa nayo.

Basi nikaanza kuhangaika. Asubuhi nilitaka kubwa. Mchana nilitaka ndogo. Jioni nilitamani harusi iahirishwe, nikasema astaghfirullah, nikaendelea kutamani. Ile ndogo ilinifaa mimi, maana mimi ni mtu wa pembeni. Ningekaa kwenye kona yangu, nivute tu, uso wa mtu uje bila mimi kumsogelea. Ile kubwa lensi yake ilikuwa fupi. Ukitaka uso, uende kwenye uso, usimame katikati ya wanawake wanaocheza, wakukanyage, wakuulize unatafuta nini.

Mume wangu ni fundi wa magari, na kwake chombo kizuri ni kile kinachofanya mambo mengi. Akachukua ile ndogo, akapanda juu ya ukuta wa uani na ovaroli yake ya mafuta, akavuta mpaka mwisho.

"Mama watoto! Wallahi naona bati za nyumba za Uvira!"

"Harusi iko Uvira?"

"Apana, mi nasema tu. Kamera inafika Kongo na haina hata visa, we bado unafikiri?"

"Shuka kabla hujavunja mguu. Harusi iko Kanyosha."

Alicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria kile chumba cha Kanyosha. Nakijua vizuri. Siku ya sherehe mapazia yanafungwa ili wanaume wa nje wasichungulie, umeme unakuja unapojisikia, na ndani panakuwa giza la saa kumi na mbili hata kama jua liko kichwani. Na flashi haiwezekani. Macho ya mama mdogo tangu sukari imuanze hayavumilii mwanga wa ghafla, ukimmulika anatoa machozi na kichwa kinamuuma siku nzima. Nimpige picha analia?

Nikafunga mapazia ya sebule yangu, nikamwambia mume wangu acheze.

"Nicheze na njaa hii?"

"Cheza, chakula kiko motoni."

Akacheza, maskini, mikono juu, tumbo mbele. Nikampiga kwa ile ndogo, kisha kwa kubwa. Kwenye ndogo alitoka kama uji uliomwagika: unaona kuna mtu, unaona ana furaha, lakini uso umekorogeka. Kwenye kubwa alionekana yeye kabisa. Kovu la kidevu, jasho, hata doa la mafuta ya gari chini ya sikio ambalo ameapa kila siku amelinawa. Akaangalia, akachukia. "Hii inaona sana," alisema, akaenda kunawa. Mimi roho ilitulia kidogo.

Ilitulia mpaka asubuhi. Asubuhi nikakumbuka njia. Kamera kubwa mjini kwetu ni maswali. Watu wanakuona mwandishi wa habari, mwenye sare anakuona mtu aliyetumwa, na mimi sina karatasi yoyote ya kujieleza, mimi ni mshona nguo. Kutoka Buyenzi mpaka Kanyosha nimepita mara nyingi mno maishani mwangu bila kuogopa chochote, na sasa nilikuwa nahesabu kona moja moja, wapi wanasimamaga, wapi wanaangalia mifuko. Ile ndogo ningeiweka kifuani nikapita kama sina kitu. Nilikaa na hilo mpaka nikaunguza suruali ya mteja kwa pasi.

Na ile ndogo ilikuwa na jambo lingine. Nilipomwambia yule mama wa beseni kuhusu kamera, hakuniuliza mwanga wala lensi. Aliuliza, "Hiyo kamera inatumaka picha ku simu?" Nikaenda kuangalia. Ndogo inatuma. Kubwa, ya zamani kidogo, haitumi. Jamani! Nilijikuta nimekaa kitandani kati ya kamera mbili, nimeshika kichwa, nasema peke yangu: hii inaona lakini inaonekana, hii haionekani lakini haioni, tena ina mdomo mrefu mara mbili.

Ijumaa muuzaji akaja mapema kuliko alivyosema. Nilimpa ndogo. Akafika kwenye geti, nikamkimbilia na kanga imenivuka bega.

"Ngoja!"

Akageuka. Nikaiangalia ile ndogo mkononi mwake, kamera isiyokuwa na maswali.

"Mama, uko sawa?"

"Apana. Nenda. Nenda nayo tu."

Akanihurumia kwa macho, akaenda. Mimi nikarudi ndani kuangalia kama kubwa bado inawaka.

Jumapili niliifunga kwenye taulo, nikaiweka chini ya kikapu, juu nikajaza lengalenga, mchicha wetu, mpaka majani yakaning'inia. Mwenye sare alikuwepo palepale nilipomwogopa. Aliangalia kikapu, akaniuliza kama lengalenga nauza. Nikasema ni za harusi. Akasema harusi gani hiyo ya kula majani, akacheka, nikacheka naye kwa sauti isiyokuwa yangu. Nilipofika Kanyosha gauni limenilowa mgongoni na wifi yangu akadhani nimenyeshewa.

Nikaingia. Mapazia yamefungwa, umeme hakuna, giza kama nilivyojua. Dufu likaanza, vigelegele vikapasuka, mitandio ikatoka. Mwanzoni nilipiga hovyo, migongo na viwiko tu. Halafu mama mdogo akaomba anyanyuliwe.

Alisimama mwenyewe. Wakampisha. Alivua kilemba, nywele zake nyeupe zikaonekana, akafungua mikono, akaanza kucheza kiuno pole pole, ule uchezaji wa zamani usiokuwa na haraka, na wanawake wakapiga kelele mpaka nikaogopa dari. Nikasahau kwamba mimi ni mtu wa pembeni. Nilikwenda. Nilisimama mbele yake karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na yeye akaniona, akacheka, akanichezea mimi. Kamera ikawa inalia kacha, kacha, kacha. Nilikuwa nalia pia na sikutaka kujifuta, nisikose hata moja. Nilijua nimempata. Sijawahi kuwa na uhakika wa kitu namna ile.

Dufu lilipopumzika tukakaa mkekani kufuata masharti. Wanawake wakaja mmoja mmoja, wakajitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Wanacheka, wanasukumana. "Hii futa, nimefungua mdomo kama mamba." "Hii acha, hapa niko mutoto kabisa!" Nilifuta, niliacha. Mama mdogo alikuwa wa mwisho. Nilimwekea kamera mapajani kwa fahari zote, na picha niliyomchagulia ilikuwa ile anayonichekea.

Akaisogeza karibu na macho. "Kuza."

Nikaikuza. Uso ukajaa kioo.

"Kuza tena."

Kwao hakuna kioo kikubwa. Ana kile kidogo cha kupakia wanja, unaona jicho moja kwa wakati mmoja, na kwa macho yake yale hata hilo jicho analiona nusu. Na sisi wote, miezi na miezi, tulikuwa tunamwambia mashallah, mama, umenenepa. Mashallah, mashavu yanarudi. Mimi nikimnyanyua kitandani nilikuwa naguna makusudi, "Ee mama, umekuwa mzito we!", naye anafurahi, anasema ni uji wa ulezi. Tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana. Na sasa nilikuwa nimemletea shingo yake mwenyewe, mifupa ya mabega, mashavu yaliyoingia ndani, mishipa ya paji la uso, kila kitu, wazi kuliko mchana. Nilifikiria mwanga, njia, polisi, beseni. Hili sikulifikiria hata dakika. Ile ndogo, iliyomtoa mume wangu kama uji, ingemwonyesha furaha yake peke yake, na angeondoka hapo anacheka.

"Ni mi huyu?"

"Ndiyo, mama."

Nje wanaume walikuwa wanabishana kuhusu viti.

"Kumbe munanionaka hivi."

Nilisema ni giza, nilisema kamera ni ya zamani, nilisema hata mume wangu ilimharibu. Aliniacha nimalize.

"Futa, mwanangu."

"Mama, nakuomba. Moja tu. Nitaficha, hakuna atakayeiona."

"Futa."

Nilifuta. Kila mara ile kamera inauliza kwa Kifaransa kama kweli unataka, na kila mara nilibonyeza ndiyo na moyo unakataa. Ile ya kucheka. Ile ya mikono juu. Ile ya nywele. Yeye alikuwa anaangalia kidole changu, hageuzi macho.

Ikabaki moja, alipomkumbatia binti yake. Uso wake umezama shingoni mwa mtoto, huoni ila mkono mmoja juu ya gauni la harusi, mkono mwembamba, na hina mpya kwenye kucha. Aliitazama muda mrefu kuliko zote. Nikaweka kidole tayari, maana sharti ni sharti.

"Hii ya mutoto," akasema. "Uache."

Nikatoa karte, nikampa, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Na muwaambie wengine," akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja chumvi imepungua jikoni, "muache kuniambia nimenenepa."

Niliitikia kwa kichwa. Dufu lilikuwa linaanza tena, na akasema hajamaliza kucheza. Akaninyooshea mikono yote miwili nimnyanyue. Nikamnyanyua, na kwa mara ya kwanza sikuguna.